Daftari la Mazoezi: Je, Kukadiria Vibaya ni Dhambi?



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa kwaya alinifuata pale nje wakati watu wanasalimiana. Nilidhani anataka kuniuliza habari za wito, maana wengi huanza hivyo, wanazungukazunguka kwanza. Kumbe ana lake. Akafungua simu akanionyesha namba alizoandika: mita 400 mara sita, 70, 69, 70, 70, 71, 70. "Frateri, nasikia wewe ulikuwa unakimbia. Hizi zinanipa ngapi kwenye 1500?"

Hesabu yenyewe si ngumu. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja. Chukua 70, zidisha kwa 3.75, unapata sekunde 262 na nusu, yaani dakika 4 na sekunde 22 na ushee. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie. Badala yake nikamuuliza, "Kati ya moja na nyingine ulipumzika muda gani?"

Akacheka kidogo. "Aa, si mpaka pumzi irudi, Frateri."

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilimwambia tu aanze kupima mapumziko, halafu aje tuongee. Ukweli ni kwamba swali lake lilinigusa pabaya. Nina kisa cha zamani kinachohusu namba za aina hiyo hiyo, na tangu Jumapili nimekuwa nikijiuliza kama mtu anaweza kutenda dhambi kwa kukadiria. Si kwa kusema jambo lililotokea kwamba halikutokea. Huo ni uongo, unajulikana. Nasema kukadiria: kutamka kuhusu jambo ambalo bado halijatokea. Je, makadirio nayo yanaweza kuwa uongo?

Nilisoma shule ya bweni huku mlimani, sehemu za juu ambako mwezi wa sita ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, na ukikimbia asubuhi masikio yanauma kwa baridi. Nilipokuwa kidato cha tano tulikuwa wawili tunaogombea nafasi ya mita 1500 katika timu ya shule kwenda UMISSETA. Mwenzangu alikuwa kidato cha tatu. Nitamwita dogo, kwa sababu ndivyo nilivyomwita siku zote ingawa alinizidi urefu. Nafasi ilikuwa moja. Mwalimu wa michezo alikuwa na vipindi vya jioni, hakuweza kusimama uwanjani kila siku, basi akatupa utaratibu: kila mmoja awe na daftari lake, aandike muda wa kila mzunguko na muda wa kila mapumziko. Wiki mbili kabla ya mashindano angeyasoma madaftari achague. Alituamini, na hakuna kosa lolote katika hilo.

Zoezi letu kubwa lilikuwa mita 400 mara nane, kuzunguka uwanja wa mpira, juu ya majani, kwenye njia ambayo wanafunzi waliotutangulia waliipima kwa hatua za miguu. Mapumziko yaliyopangwa yalikuwa dakika moja na nusu. Daftari langu lilikuwa zuri kweli kulitazama. Wastani sekunde 66, mara nane, mapumziko dakika moja na nusu. Zidisha: 247 na nusu, yaani dakika 4 na sekunde 7 na nusu. Na bado sikuridhika. Nilikuwa nimesikia kwamba ukifanya mazoezi juu, ambako hewa ni nyepesi, ukishuka chini unapata nguvu ya ziada. Basi nikajipunguzia sekunde mbili na nusu kwa kushuka Moshi mjini, kama mtu anayeomba punguzo la nauli kwa konda. Bweni zima likajua: 4:05.

Daftari la dogo lilisema 69, mara sita. Siku kadhaa aliandika chini yake, "nimeshindwa kumaliza nane". Mwalimu akanichagua mimi. Nani asingenichagua?

Siku ya mbio nilipita mzunguko wa kwanza kwa sekunde 64, nikiongoza. Wa pili 71. Wa tatu 77, na hapo watu walikuwa wananipita mmoja mmoja bila hata kuniangalia. Mita 300 za mwisho zilinichukua sekunde 59. Jumla 4:31, nafasi ya saba. Nilikaa kwenye majani nikijiambia kwamba nimeamka na homa. Sikuwa na homa.

Mwaka uliofuata walikuja mafundi kupima eneo la kujenga madarasa, tukaazima futikamba yao tukapima njia yetu. Mita 380. Mtu anayezunguka mita 380 kwa sekunde 66, kwenye mita 400 kamili anatumia 69 na nusu hivi, na hiyo inakupa 4:20 na ushee kwenye 1500. Kwa hiyo sekunde 13 za aibu yangu zilikuwa za uwanja. Zilizobaki, kumi hivi, zilitoka kwenye jambo ambalo sikuhitaji futikamba kulijua, pamoja na ule mzunguko wa kwanza wa kipuuzi. Mapumziko yangu hayakuwa dakika moja na nusu. Yalikuwa tatu, siku nyingine tatu na nusu. Nilikuwa nasimama, nafunga kamba za viatu, nakunywa maji, natembea mpaka kwenye goli na kurudi. Halafu naandika: dakika moja na nusu.

Angalia makosa hayo mawili. Kwenye saa yanakaribia kulingana. Ukimpa mtu matokeo yangu peke yake hawezi kukuambia sekunde ipi ilitoka wapi. Lakini ukienda kuungama, moja unaliacha nje ya kiti cha kitubio na lingine unaingia nalo. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatenganisha kutojua ambako mtu hana njia ya kukuondoa, ambako hakumhesabiwi, na kutojua ambako angeweza kukuondoa kama angejitaabisha. Uwanja ulikuwa mfupi kabla sijazaliwa. Mapumziko niliyaandika kwa mkono wangu.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna jambo la tatu. Siku moja tukiwa tunavua viatu dogo aliniambia, "Kaka, huu uwanja si mfupi? Mimi nikikimbia mjini namba zinabadilika kabisa." Nikamjibu, "We kimbia." Kamba ilikuwepo stoo, mwalimu wa jiografia alikuwepo, Jumamosi zilikuwepo. Sikwenda kupima kwa sababu nilipenda ile 66. Thomas ana nafasi hata ya hilo: kuna kutojua ambako mtu anakutaka mwenyewe, anakulinda, ili aendelee na lake bila kusumbuliwa. Na Katekismu, namba 1791, inasema dhamiri inayokosea inaweza kuwa na hatia pale mtu asipojali kuutafuta ukweli na wema. Kwa hiyo hata zile sekunde 13 siwezi kuziacha zote nje. Kuanzia siku dogo aliponiambia, zilikuwa zangu.

Sasa turudi kwenye mapumziko, maana hapa ndipo kijana wa kwaya alipo na nadhani wengi wetu tupo. Wakimbiaji wetu wanaliita zoezi hili intavo, na tunapolisema tunafikiria ile sehemu ya kukimbia kasi. Lakini neno lenyewe maana yake ni nafasi iliyo katikati. Linataja mapumziko! Kocha Mjerumani Woldemar Gerschler, aliyelijenga zoezi hili akishirikiana na daktari wa moyo aitwaye Reindell, alishika sana jambo hilo: baada ya kila mkimbio mapigo ya moyo yanapaswa kushuka mpaka kama 120 kwa dakika ndani ya sekunde 90. Yasiposhuka, mzigo ni mzito kuliko uwezo, na mkimbiaji apunguze au aache. Mwanafunzi wake Rudolf Harbig alikimbia mita 800 kwa 1:46.6 mjini Milano mwaka 1939, rekodi ya dunia iliyokaa mpaka mwaka 1955. Sisi pale kijijini tulichukua kukimbia tukaacha kuhesabu.

Kwa nini mapumziko yana uzito hivyo? Kwa sababu mbio hazina mapumziko. Kijana mwenye miguu ya kasi anaweza kupiga 400 nzuri mara nane ikiwa kila mara anaanza mpya. Huyo anapima kasi yake. Anayetaka kujua 1500 anapima kitu kingine: kasi gani anaweza kuishikilia wakati mwili unaomba kuachiwa. Ndiyo maana, kijana wangu, kabla ya kuzidisha kwa 3.75, pima uwanja. Kisha pima mapumziko kwa saa na si kwa pumzi. Angalia mzunguko wa mwisho kuliko wa kwanza, na usichukue ule bora. Wiki nyingine fanya mita 1000 au 1200 mfululizo uone kama zinakubaliana na zile fupi. Baada ya hapo usiseme namba moja. Sema, "kati ya 4:22 na 4:30, hali ikiwa nzuri." Inaonekana ni woga, lakini ndiyo sentensi ya kweli pekee unayoweza kuisema kabla ya mlio wa bastola.

Na kuna mapumziko tunayoyaficha nje ya uwanja pia. Mtu anatoka kwenye mafungo ya siku tatu, amesali vizuri, hana simu, hana mdogo wake anayemkera, chakula kinapikwa na masista, na anasema sasa nimeushinda ule udhaifu wangu. Yule ni mimi na 66 yangu. Amekimbia kweli, hajadanganya kuhusu kukimbia. Ila hajaandika alipumzika kiasi gani. Wachumba wanaoonana mara moja kwa mwezi, Dar na Moshi, wakikutana ni raha tupu, wanakadiria ndoa kwa namba hizo. Sisi mafrateri tusijitoe. Mwaka huu wa uchungaji niliopo umewekwa kwa sababu hiyo hiyo: walezi wetu wanajua kwamba ratiba ya seminari, yenye kengele na ukimya, ina mapumziko mengi ndani yake.

Thomas anauliza mahali fulani kama mtu anaweza kujua kwamba yumo katika neema. Jibu lake lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza darasani. Kwa hakika kamili, hawezi, isipokuwa Mungu amfunulie. Lakini anaweza kukadiria kwa ishara, kwa mfano kama anaona furaha katika mambo ya Mungu, kama hajioni ana dhambi ya mauti katika dhamiri yake. Kukadiria, basi, si jambo la aibu. Tumeachiwa tuishi hivyo. Ila ishara lazima ziandikwe zilivyo, pamoja na mapumziko.

Niliungama lile daftari nikiwa kidato cha sita, wakati wa Kwaresima. Nililiweka katikati ya orodha, baada ya kusinzia kanisani na kabla ya maneno machafu, nikitumaini litapita. Nilisema, "Padre, niliandika muda wa uongo kwenye daftari la mazoezi." Padre alinyamaza kidogo kisha akauliza swali moja tu: "Nani alibaki?"

Sikuwa nimefikiria hilo, nawaapia. Mwaka mzima nilikuwa nimehuzunikia 4:31 yangu. Dhambi niliyokuwa naiona ni kujidanganya mwenyewe, na dhambi ya kujidanganya ina ladha fulani tamu, unajionea huruma. Lakini makadirio yangu hayakukaa kwangu. Mtu mwingine aliyasoma, akaamua kwa kuyategemea, na uamuzi huo ukaangukia mgongo wa mtu wa tatu aliyeandika "nimeshindwa kumaliza nane" kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nikajitetea. Si kwa padre, kwa moyo wangu, usiku kitandani. Na utetezi wangu ulikuwa wa hesabu, sikilizeni: dogo alikuwa na 69, kwenye uwanja ule ule wa mita 380. Igeuze kuwa mita 400, ni 72 na nusu. Zidisha kwa 3.75, unapata 4:32. Mimi nilikimbia 4:31! Kwa hiyo hata angekwenda yeye, angefika pale pale, nafasi ya saba au ya nane. Sikumwibia kitu.

Hesabu hiyo ni sahihi. Nimeirudia mara nyingi na sijaona kosa. Ilinichukua muda, na masomo ya falsafa, kuona kwa nini bado haitoshi.

Wengi mnamjua Filbert Bayi kwa shule zake za Kimara na Kibaha. Kabla ya shule, tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikwenda mbele tangu mwanzo wa mita 1500 na hakuna aliyempita. 3:32.2, rekodi ya dunia, wastani wa sekunde 56 na nusu hivi kwa kila mita 400. Nyuma yake kijana wa nyumbani pale, John Walker, alikimbia 3:32.5, naye alikuwa ameivunja rekodi ya zamani huku anashindwa. Dunia nzima ikasubiri Montreal 1976 wakutane tena. Hawakukutana. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ile, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker akachukua dhahabu. Mpaka leo wazee wakikaa wanabishana nani angeshinda. Kila mmoja ana namba zake, na namba za pande zote mbili ni nzuri. Lakini mbio haipo. Huwezi kuijaza kwa makadirio hata yakiwa bora namna gani.

Tofauti ni kwamba Bayi alinyimwa mbio ile na uamuzi wa wazi, wa sababu unayoweza kuitaja na kuitetea. Dogo alinyimwa na kalamu yangu.

Aristotle alibishana na watu wa Megara waliosema kwamba mtu ana uwezo pale tu anapotenda: fundi asipojenga, si fundi. Aliwakatalia, na alikuwa sahihi. Uwezo ni kitu halisi hata ukiwa umelala. Lakini utetezi wangu ulikuwa kosa la upande wa pili: nilidhani kwa kuwa nimeupima uwezo wa dogo, nimeshamaliza habari ya tendo lake. 4:32 ilikuwa makadirio. Pengine angekimbia 4:40. Pengine angeshindwa vibaya kuliko mimi. Lakini kushindwa kule kungekuwa kwake, miguu yake, watu wa kwao wakimwangalia pembeni ya uwanja. Nilichochukua hakikuwa nafasi ya saba, kilikuwa ile asubuhi. Na nilikuwa natumia makadirio tena, mara ya pili, kumfunika mtu yule yule.

Padre aliniambia niende kwa mwalimu. Katekismu, namba 2487, inasema kosa dhidi ya ukweli lina wajibu wa kurekebisha, hata likishasamehewa. Nilikwenda. Mwalimu alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni na chaki mkononi, akasema, "Asante kwa kuniambia," halafu akarudi darasani. Hakunipiga, hakunitangaza. Kwa dogo sikwenda. Nilijiambia amesahau. Tena makadirio.

Nimekutana naye mwaka huu, hapa Moshi. Ni mpagazi, anapandisha wageni njia ya Machame, na wakati hakuna safari anajiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro Marathon. Aliniamkia, "Shikamoo, Frateri," nikaona aibu, maana tumepishana miaka miwili tu. Nilimwambia pale pale barabarani, kabla sijapata nafasi ya kupanga maneno. Alinisikiliza. Akasema alijua. Alikuwa akiniona nikitembea mpaka kwenye goli na kurudi, alikuwa anahesabu.

"Mbona hukumwambia mwalimu?"

"Ningemwambia nini, kaka? Daftari lilikuwa lako."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Tukaongea habari za viatu. Halafu akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi, anahitaji mtu wa kumshikia saa kwenye intavo, mita 1000 mara tano, mapumziko dakika mbili.

Nilikwenda. Baada ya ya tatu aliinama mikono magotini, na alipoinuka kuanza ya nne saa ilikuwa inasoma dakika mbili na sekunde arobaini. Niliandika 2:40. Baada ya ya tano alikuja akachungulia karatasi, akaiona, akafuta jasho na kwenda kuchukua maji.